Tunambeba

Kocha aliwaambia hataki tena sarakasi. Wiki nzima kundi lilikuwa likirushana na kudakana kwenye magodoro ya ukumbi wa chama cha madereva, na kila walipomaliza mnyanyuo mmoja walimgeukia kumsoma usoni, naye alikunja uso kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

"Mnanionyesha misuli," alisema. "Misuli naiona sokoni bure, watu wanabeba magunia. Nataka mtu mmoja asiyeweza kuinuka, na mwingine anayelazimika kumwinua. Basi. Kaleteni kutoka huko mnakoishi."

Kundi lile lilicheza maigizo bila kusema neno. Hadithi nzima ilibebwa na mwili: mtu kumwegemea mwenziwe, kumpanda begani, kumwangukia na kudakwa. Hapakuwa na mwandishi wa kuwaandikia mchezo. Kocha, mama wa makamo aliyewahi kufundisha mazoezi ya viungo shuleni, aliwatupia wazo, nao wakalichezacheza mpaka kitu kitoke. Kilichotoka kizuri kilibaki, kibaya kilitupwa. Mnyanyuaji aliyetegemewa kuliko wote walimwita Winchi, kwa mabega yake mapana na miguu mifupi iliyokita chini kama nguzo. Mchana aliuza vigae kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenzake katika minyanyuo alikuwa msichana mwembamba waliyemwita Unyoya, ingawa mwenyewe alisema jina hilo ni la uongo, na kwamba wanaomwita hivyo hawajawahi kumbeba akiwa amenuna.

Winchi alisimama kwa muda akijikuna kidevu. Kisha akamwambia Unyoya akae ukingoni mwa benchi, alegeze upande wa kulia kana kwamba mkono ule na mguu ule si vyake. Akapiga goti mbele yake. Akapitisha goti la pili katikati ya magoti ya msichana, akauchukua mkono ule uliokufa akauzungusha shingoni mwake, halafu akaegemeza paji lake la uso kwenye paji la Unyoya, akatulia. Midomo yake ilicheza kidogo bila sauti. Akayumba nyuma, akayumba mbele, akayumba tena, na mara msichana alikuwa amesimama bila mtu kuona ni wapi hasa nguvu ilikotoka. Walibaki wamekumbatiana kama watu wanaocheza muziki wa polepole, na nyayo zao zikaanza kugeuka, kidogo kidogo, kuelekea kiti kingine.

Mpiga gitaa wa kundi alikuwa ameacha kupiga bila kuambiwa. Kocha alivua miwani akaifuta kwa upindo wa fulana.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Imekuja tu," alisema Winchi.

"Haiji tu. Lakini ibaki. Onyesho lote tutalijenga juu ya hiyo."

Kweli haikuja tu. Winchi alikuwa akiiona nyumbani kwake kila asubuhi.

Mama yake alipopatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ulikufa ganzi, na kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine wa kumpokea, aliletwa akae na Winchi na mkewe. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Cherehani yake ilikuwa sebuleni. Mama aliwekewa kitanda katika chumba kidogo cha pembeni, mlango ukiachwa wazi ili asikie watu wanapokuja kupimwa na asijione ametupwa.

Mwanzoni mume na mke walisaidiana. Kisha yakaanza mazoezi ya onyesho jipya, na Kocha akawapiga marufuku wanyanyuaji wake kubeba kitu chochote nyumbani, hata ndoo ya maji. "Migongo yenu si yenu," aliwaambia, "ni ya kundi." Winchi alilifikisha agizo hilo nyumbani kama mtu aliyetumwa na serikali.

Siku ya kwanza Fundi alicheka. "Kwa hiyo mgongo wa kundi umekuja kula kwangu," alisema akimpakulia. "Uulize kama unaongeza mchuzi."

Hata mama alicheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Lakini agizo halikuondoka na kicheko. Asubuhi Fundi alimwinua mama kitandani, akamkalisha kwenye kiti chenye tundu cha kujisaidia, akamwosha, akamvisha, akamwinua tena akamkalisha dirishani. Mchana akamrudisha. Jioni yakaanza upya. Winchi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Hakuwa na moyo mbaya. Alimpenda mama yake na ilimchoma kumwona akigeuzwa kama mtoto. Ila macho yake yalikwisha kuzoea kazi. Yaliangalia goti linaingia wapi, uzito unahama lini, kisigino kinageuka vipi, na kabla hajajua, alikuwa ameshaanza kuhifadhi. Jambo moja tu lilimpita. Fundi alipoegemeza paji la uso kwenye paji la mama, alikuwa akinong'ona kitu, na maneno hayakufika mlangoni. Winchi aliona midomo ikicheza, akadhani ni sala.

"Mgongo wangu umeanza kusema," Fundi alimwambia Jumapili moja, akiwa amejifunga kitambaa kipana kiunoni. "Nisaidie asubuhi tu. Mchana na jioni nitajua mwenyewe."

"Onyesho lipite, mke wangu. Tumebakiza siku chache."

"Na mama naye aambiwe asubiri onyesho lipite?"

"Sijasema hivyo."

"Najua hujasema."

Katikati ya wiki ile mteja mmoja alipitia gauni la mahafali ya binti yake akamkuta Fundi amelala chali kwenye sakafu ya sebule, miguu juu ya kiti, macho yakitazama dari. Gauni lilikuwa mezani, upindo haujashonwa, kiuno kimeshikizwa kwa pini.

"Ala, kumbe umelala," alisema mteja.

"Sijalala. Nisamehe, siwezi kukaa kwenye cherehani. Kesho asubuhi nitakumalizia."

"Kesho ndiyo mahafali yenyewe." Mteja aliliokota gauni akalikung'uta. "Nitampelekea yule fundi wa pale kona. Yeye angalau anakaa."

Fundi alikuwa amelikata gauni lile kwa mapenzi, na kola yake alikuwa ameifumua na kuirudia mpaka ikakubali.

"Pini ni zangu," alisema kutoka pale sakafuni.

Mteja alizichomoa moja moja, akizirundika juu ya cherehani bila haraka, huku mwenye nyumba amelala miguuni pake. Alipotoka, sauti ya mama ikaja kutoka chumba cha pembeni, ile sauti yake mpya iliyokuwa ikichechemea.

"Mwanangu. Mimi ndiye niliyekuvunja."

"Hujanivunja, mama. Umenikunja tu. Nitapigwa pasi nitanyooka."

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi alasiri, na Fundi alikwenda kwa hamu. Jirani alikubali kukaa na mama. Alivaa gauni lake zuri, akajikaza alipofunga zipu, akachagua kiti cha pembeni ili aweze kusimama mgongo ukimzidia. Winchi alipotokea jukwaani, Fundi alitabasamu peke yake gizani. Suruali ile alimshonea yeye, na mishono ya mapajani aliipiga mara mbili kwa sababu mumewe alizoea kupasua suruali kwa kuchuchumaa.

Walicheza vizuri. Waliangukiana, wakapandana mabegani, mtu mmoja akatembea juu ya migongo ya wenzake kama anavuka mto. Fundi alipiga makofi na wengine. Halafu taa zikapungua, likaletwa benchi, Unyoya akakaa ukingoni.

Fundi hakuelewa mara moja. Kwanza aliuona mkono. Aliujua mkono ule, jinsi unavyolala juu ya paja kama kitu alichosahau mgeni. Ndio aliokuwa akiuosha kila siku. Kisha akaliona goti likiingia katikati ya magoti. Akaona paji la uso likienda kwenye paji la uso. Na walipoanza kugeuka kuelekea kiti cha pili, akaona kisigino cha kushoto cha mumewe kikitoka nje kidogo. Yeye Fundi alikuwa akikitoa kisigino chake hivyo kwa sababu sakafu ya chumba cha mama imebonyea mahali pale. Jukwaa lilikuwa limenyooka kabisa, lakini Winchi alikitoa.

Watu walikuwa wakifuta machozi. Mama mmoja aliyekaa jirani naye alimwinamia.

"Huyu kijana lazima ameshauguza mtu," alinong'ona. "Mambo kama haya mtu habuni."

"Habuni," alijibu Fundi.

Mchezo ulipokwisha, kundi lilikaa ukingoni mwa jukwaa, jasho likiwatiririka, ili watazamaji waulize maswali. Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama. Alisema mkewe aliugua hivyohivyo kabla ya kufariki, na angependa kujua ule mnyanyuo waliutoa wapi. Kocha akampisha Winchi ajibu.

Winchi aliangalia viganja vyake. Hakuwa amejiandaa kuulizwa. Alipoinua macho, yakamwangukia mkewe pale pembeni.

"Ni mambo ya nyumbani," alisema. "Mama yangu anaumwa. Tunambeba."

Watu wakapiga makofi tena, safari hii polepole, makofi ya heshima. Kocha alimshika bega. Mzee mwenye fimbo akainamisha kichwa kumshukuru, akakaa. Nje, watu waliojua ni mkewe walikuwa wakimpa Fundi mkono na kumwambia amepata mume mwenye utu, naye aliipokea mikono yao yote akisema asante, asanteni.

Walirudi kwa miguu. Winchi alikuwa bado na joto la jukwaani, alizungumza mwanzo wa safari peke yake, kisha akaishiwa. Walipoukaribia mtaa wao alianza kuamini kwamba amesalimika.

"Tu," alisema Fundi.

"Nini?"

"Umesema tunambeba. Wewe na nani?"

"Ni namna ya kusema tu, Fundi. Mbele za watu."

"Namna ya kusema ungesema anabebwa. Hapo usingemtaja mtu, na mimi nisingeuliza." Hakupandisha sauti. Alitembea ameshika kiuno, hatua fupifupi. "Ulikuwa unasimama wapi?"

"Lini?"

"Siku zote hizo. Hata ukakiona kisigino."

"Mlangoni."

"Mlangoni." Alilitafakari neno hilo. "Mimi nilidhani unapita tu na chai yako. Nilikuwa najiambia, mume wangu kichwa chake kiko kazini, hata haoni kinachoendelea humu. Nilikuwa nakutetea kwa hilo. Kwa dada yangu nilikutetea, kwa jirani nilikutetea. Kumbe ulikuwa unaona kila kitu."

"Nilitaka nikuambie."

"Ungekuwa huoni," alisema Fundi, "ningekusamehe."

Kesho yake alimwinua mama kama kawaida, akamwosha, akamkalisha dirishani, akamchana nywele polepole kuliko siku zote huku akimsimulia onyesho. Kisha akachukua begi dogo.

"Mama, naenda kwa dada yangu nikaulaze huu mgongo. Mwanao yupo."

"Mwanangu yupi?" aliuliza mama, maana aliyekuwa akimwita hivyo ndiye aliyekuwa mbele yake na begi.

"Yule uliyemzaa."

Winchi aliomba ruhusa dukani. Ilipofika zamu ya kumrudisha mama kitandani, alijisemea kwamba hili si jambo la kumtisha mtu wa kazi yake. Alikuwa amelifanya mazoezini mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, kisha mbele ya watu, na watu wakalia. Akapiga goti, akapitisha goti la pili, akauzungusha mkono shingoni, akaegemeza paji la uso. Akachezesha midomo. Akayumba nyuma, akayumba mbele, akanyanyua.

Mama hakunyanyuka. Mwili wake ulikakamaa wote, hata ule upande uliokufa ukawa mzito kama mlango wa mbao uliolowa maji, na mkono wake mzima ukaishika meza ya dirishani ukakataa kuiachia.

"Legea, mama."

"Nimelegea."

"Hujalegea. Niachie uzito."

"Ndio huu uzito. Mimi sina mwingine."

Alijaribu tena. Mama alitoa sauti ndogo ya hofu, kiti kikateleza, na wote wawili wakashuka chini taratibu, Winchi akijitahidi kuwa chini yake ili asiumie. Hakuumia. Lakini pale sakafuni kitu cha moto kilienea kwenye gauni lake na kwenye suruali ya mwanawe.

"Usiniangalie," alisema mama.

Winchi aligeuza uso ukutani.

Walikaa hivyo, mama ameegemea kifua cha mwanawe kama mtu aliyeokolewa mtoni, mpaka hodi ikapigwa sebuleni. Alikuwa Unyoya. Kocha alimtuma aulize kwa nini Winchi hakuonekana mazoezini, maana kundi lilikuwa limealikwa kwenda kucheza katika mji mwingine. Aliingia, akawaona, akavua viatu bila kusema kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule anayekuwa mimi?"

"Ndiye mimi."

"Umenipunguza sana."

Unyoya alicheka, na mama akacheka kwa upande wake. Winchi aliusikia mwili wa mama yake ukilainika mikononi mwake papo hapo, na hakujua afanye nini nao. Wakamwinua wawili, mmoja kwapani na mwingine miguuni, bila uzuri wowote, kama watu wanaohamisha kabati. Unyoya akamwambia Winchi atoke, akambadilisha mama nguo. Alipomaliza akamwita arudi.

"Kila siku mnafanyaje, mama?" aliuliza Unyoya. "Maana huyu anakunyanyua kama anavyoninyanyua mimi, na mimi nanyanyuka."

"Mkwe wangu ananichekesha," alisema mama. "Kila siku ana lake. Leo ananiambia, nikumbatie kama mtu unayenidai. Kesho ananiambia, haya mama, tucheze moja tu, waume za watu wanatutazama. Nikicheka nalegea, naye hapo hapo ananichukua. Huyu amenijia na uso wa msiba."

"Mimi nilidhani mnasali," alisema Winchi.

"Tusali nini na mkojo umebana?"

Unyoya hakucheka mara hii. Alikuwa akimtazama Winchi. "Ulisema tunambeba," alisema. "Mbele ya ukumbi mzima."

Winchi aliinama akarudisha kiti mahali pake.

"Mimi nikikuona unakuja, nimeshakuja. Nusu ya uzito wangu naibeba mwenyewe, ndiyo maana wanakuita Winchi." Alianza kuvaa viatu vyake. "Na mimi nilikuwa naigiza mtu ambaye sikujua kwamba anacheka. Ungeniambia hata hilo moja."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Jirani alikuja kusaidia alipoweza, Unyoya alipita baada ya kazi zake, na siku nyingine Winchi alimbeba mama peke yake kwa nguvu za mabega, kama mzigo, naye mama alifumba macho mpaka yaishe. Hakumlaumu mwanawe hata mara moja. Alikuwa akiuliza tu, kila asubuhi, kama Fundi ametuma salamu.

Fundi alirudi kwa ajili ya swali hilo, jirani alipomfikishia. Alimwambia Winchi hivyo wazi, kabla hajaweka begi chini, asije akajidanganya. Daktari alikuwa amempiga picha ya kiuno akamkataza kuinua chochote kizito kuliko pasi yake. Kuanzia siku hiyo Winchi ndiye aliyenyanyua. Fundi alikaa kwenye kigoda upande wa kichwani akamchombeza mama kwa maneno, mama akacheka, na mwili wake ulipoachia, Winchi akauchukua. Alikuwa mikononi mwa mwanawe lakini macho yake yalikuwa kwa mkwewe. Winchi alijaribu kutunga mzaha wake mwenyewe. Mama alicheka mmoja kwa huruma, akasema, "Ya kwako ni mirefu, mwanangu, mkono unakufa mara ya pili."

Kwa Winchi ile ilikuwa miezi mizuri kuliko alivyostahili, na alilijua hilo. Kwa Fundi ilikuwa kazi. Usiku walilala kitanda kimoja, yeye amegeukia ukuta na mto kati ya magoti kama alivyoelekezwa hospitali. Alimjibu mumewe kila alichouliza. Aliacha tu kumwuliza yeye kitu.

Mama alifariki mchana mmoja, ameketishwa dirishani, Fundi akiwa sebuleni anatia uzi kwenye sindano na Winchi akiwa dukani anamhesabia mtu vigae vya bafu.

Msiba ulipokwisha, Kocha alikuja mwenyewe nyumbani. Ule mji mwingine ulikuwa bado unawasubiri. Alisema anaelewa kama Winchi atakataa, lakini bila mnyanyuo ule onyesho halisimami. Winchi alimsindikiza, akarudi, akasimama karibu na cherehani.

"Nikiwaambia wautoe?"

"Wakiutoa mimi nitapata nini?" aliuliza Fundi. "Mgongo?"

"Sitaki ukae hapa ukifikiri nakwenda kukucheza tena mbele za watu."

"Kachezeni. Watu wanaoumwa wapo huko pia, na wanaowabeba wapo, waone." Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Ila ukiulizwa tena, useme."

"Nitasema."

Njia nzima ya kwenda mji ule Winchi aliipanga sentensi yake. Mwanzo ilikuwa ndefu, ina visa na sababu, ina Kocha na agizo lake. Akaipunguza. Walipofika ilikuwa imebaki hivi: Aliyembeba mama yangu ni mke wangu, mimi nilikuwa natazama. Aliirudia kimoyomoyo akivaa, akijipaka poda viganjani, akisubiri taa.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na ulijaa. Ilipofika zamu ya benchi, aliegemeza paji lake la uso kwenye paji la Unyoya, na kwa mara ya kwanza midomo yake ilisema kitu. "Nikumbatie kama mtu unayenidai," alinong'ona. Unyoya alishtuka, kicheko kikamtoka kifuani bila sauti, mwili wake ukaachia wote, na Winchi akamwinua. Katika safu za mbele mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Baadaye nyuma ya pazia Kocha aliwaambia hawajawahi kuucheza vile, na Winchi alijua ni kweli.

Walikwenda kukaa ukingoni mwa jukwaa. Winchi alikaa na sentensi yake mdomoni. Mwanafunzi mmoja aliuliza wanakula nini ili wawe na nguvu. Mwanamke mmoja aliuliza kama Unyoya haogopi kuangushwa. Mwingine akauliza kama hawa wawili ni mtu na mkewe, watu wakacheka, Unyoya akatikisa kichwa. Mtu wa mwisho aliuliza mavazi yameshonwa na nani, na kabla Winchi hajafungua kinywa, Kocha alijibu kwamba kundi lina fundi wake. Msimamizi wa ukumbi akasema muda umekwisha, anawashukuru sana. Watu wakaanza kusimama. Winchi aliinua mkono, ukafika usawa wa bega, akautumia kujikuna shingo.

Fundi alikuwa kwenye cherehani aliporudi. Alikuwa amezeeka kidogo mwaka ule, na alijizoeza kushona akiwa amekaa upande.

"Mlicheza vizuri?"

"Vizuri."

"Walikuuliza?"

"Hawakuuliza. Waliuliza mambo mengine."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Fundi alikunja kitambaa alichokuwa akikishona, akakiweka pembeni, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kuanza kuinuka, kidogo kidogo, kama alivyoinuka siku hizi. Winchi aliweka begi chini akamwendea haraka, mikono mbele, lakini alipomfikia Fundi alikuwa ameshasimama.